Mabango Mia Mbili ya Bahari

Bani Malik, Jeddah
6 Februari 1977

Dada Wahida mpenzi,

Assalaam alaikum. Namuomba Mungu barua hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji Ussi, na huyo Samia wangu ambaye nasikia siku hizi anawajibu wakubwa. Mie sijambo, ila kikohozi. Jeddah yote inavunjwa ijengwe upya, nyumba uliyoiona jana kesho huioni, na sisi wa Bani Malik tunakula mkate na saruji. Kashata zako zimefika. Lukas, yule Mkenya mpima ardhi anayetubebea vifurushi, ameapa hakuonja hata moja. Nilimtazama masharubu, yamejaa chenga za nazi.

Sasa nikupe habari yenyewe, na usishike kichwa kabla hujamaliza kusoma.

Miaka mitatu niko kwenye ofisi ya matangazo ya Mzee Bakur nachora barafu, matairi na soda. Mzee mwenyewe unamjua, ni mwenyeji wa pwani hii hasa. Baba yake na babu yake walipiga mbizi hapa kabla ya mtu kusikia habari ya mafuta. Ofisi ni yake, na kafili wangu ni yeye, ndiye aliyenidhamini nikae nchi hii. Basi mwezi uliopita kaingia, kavua viatu, kasema: “Ya Hamdun, halas, matairi basi. Yalla, tuchore bahari.” Nikadhani anataka picha ya kutundika sebuleni. Kumbe akanipakia garini akanipeleka kusini ya mji, kwenye ufuo wa watu wake.

Dada, kuna kiwanda cha rangi pale, chenye lango kubwa la kijani. Nyuma yake bomba linamwaga uchafu moja kwa moja baharini. Siku ile maji yalikuwa mekundu, Bakur anasema siku nyingine huwa manjano. Matumbawe yamekufa, meupe yote. Samaki wanaelea tumbo juu, na watu wanawaokota wakawapike, kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu. Mzee alisimama pale akalia, mtu mzima yule, mbele yangu. Mwenye kiwanda anaitwa Abu Mishaal.

Basi tunatengeneza mabango mia mbili. Hatukutumwa na serikali wala na tajiri. Ni kazi ya ofisi yenyewe, kuwaambia watu wasile samaki wa pale na kumtaka mwenye bomba alizibe. Tutabandika soko la samaki, mikahawani na vituo vya teksi kabla ya Ramadhani. Nimechora bomba, samaki, na lango la kijani kama lilivyo, hata misumari yake, asitokee mtu wa kuuliza ni kiwanda gani. Sijapata kuchora kitu kizuri hivi tangu nishike brashi.

Nakubusu mikono,
Hamdun


Batha, Riyadh
27 Februari 1977

Mdogo wangu Hamdun,

Wa alaikum salaam. Sisi huku tuna afya, alhamdulillahi. Samia ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele za watu. Mie nashona magauni ya arusi za wenzangu mpaka macho yananiuma. Ussi kaacha kazi ya skuli, amepata ya kuangalia ghala la rangi, hapa hapa Batha; mwajiri wake hakai huku. Ukiandika sasa tumia sanduku la posta la ghalani, namba nimeiweka nyuma ya bahasha.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena. Umenitia baridi ya mwili. Ulikuwa na miaka kumi na miwili tulipotoka Unguja, labda umesahau. Mie sijasahau. Baba alikuwa mwandishi wa mabao ya maduka, hana chama hana nini. Mteja kataka ubao wa chama chake, baba kauandika kwa mkono wake mzuri ule. Waliokuja wakati wa mapinduzi hawakuuliza ubao ni wa nani. Waliuliza nani kaandika. Baba akasema “mimi”, tena kwa fahari, na hatukumuona tena.

Na tukumbushane tulivyo. Pasi hatuna. Karatasi tuliyosafiria ilikufa zamani, na tulikotoka hawana jina letu tena. Ikama, hicho kibali cha kukaa huku, ndiyo nchi yetu. Mwenyeji kama Bakur akikasirikiwa ataitwa, atasemwa, atarudi kwake kula chakula cha mchana. Wewe wakikunyang'anya ikama utatiwa tarhili, kwenye lile jela la wanaongoja kurudishwa kwao. Na kwenu ni wapi, hebu niambie? Wamo watu mle mwaka wa pili sasa, hawana pa kupelekwa.

Kama huwezi kuacha, basi fanya tulivyolelewa. Mtu hatundikwi ukutani kabla hajaambiwa faraghani. Baba akiwa na lake na mtu alimfuata kwake baada ya alasiri, na kitu mkononi, akakaa barazani wakazungumza wawili, na yule mtu akapata nafasi ya kujirekebisha bila ya kuaibika. Nenda kwa huyo bwana. Muoneshe picha. Mpe sitara yake. Huenda bomba likazibwa na mabango yasihitajike tena.

Nisikilize mara hii moja.

Dada yako anayekulea hata ukiota ndevu,
Wahida


Bani Malik, Jeddah
20 Machi 1977

Dada Wahida,

Salamu kwenu nyote. Mwambie Samia hata mie nilikuwa kibogoyo na nikapendwa vivyo hivyo. Shemeji mpe hongera ya kazi. Lakini hukusema ghala ni la nani.

Nimefanya ulivyoniambia. Nilinunua halwa kwa yule Mmanga wa mtaani kwetu, nikavaa kanzu safi na kofia yangu ya viua, nikaikunja picha, nikamfuata Abu Mishaal nyumbani kwake baada ya alasiri. Bakur sikumwambia. Nilijua angenikataza.

Nilipokewa vizuri mno. Kahawa, tende, udi. Ni mtu mpole, hapandishi sauti. Nikamueleza kwa adabu zangu zote, habari za maji, za matumbawe na za watu wanaookota samaki. Aliikunjua picha juu ya mapaja yake akaitazama kwa muda mrefu.

“Mashaallah,” akasema. “Nani kachora?”

Nikasema mimi.

“Kafili wako nani?” Nikamwambia. “Unakaa wapi?” Nikamwambia. “Hebu nipe ikama yako, nione jina lako linavyoandikwa, nipate kukuombea dua.” Nikampa. Aliisoma mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili. “Una ndugu huku?” Nikasema nina dada Riyadh, mumewe anaitwa Ussi. Hapo akacheka kidogo. Sijui kwa nini alicheka, dada. Picha hakunirudishia. Aliitia chini ya mto aliouegemea, akaniambia nimsalimie Bakur.

Bakur nilipomsimulia alikaa chini, sakafuni. “Umekwenda kumwambia? Wewe mwenyewe, kwa miguu yako?” Nikamjibu kwetu ndivyo mtu anavyostahiwa. Akatikisa kichwa. “Huku mafi, hakuna hivyo, mwanangu. Ungebandika kwanza, watu mia wakaona, ndipo ukanywe kahawa yake. Sasa yeye anakujua wewe, na sisi hatuna hata bango moja ukutani.”

Tangu siku ile gari jeupe linasimama mbele ya ofisi kuanzia asubuhi. Ndani mna mtu anasoma gazeti. Kurasa hageuzi.

Nijibu haraka. Ghala la nani?

Hamdun


Batha, Riyadh
1 Mei 1977

Hamdun,

Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa siwezi. Samia mzima, Ussi mzima, joto limeanza.

Barua yako ya Machi ilinifikia baada ya wiki tano. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kugandishwa tena, na gundi yenyewe ilikuwa bado mbichi. Ussi kaiweka mezani bila ya kunitazama, akaenda kunawa. Basi usiandike tena kwa sanduku la ghalani. Mpe Lukas mkononi, na kama Lukas hasafiri, ngoja. Hii nayo nampa yeye.

Mabango hayo yaache. Nakuomba kwa haki ya mama aliyekuacha mikononi mwangu. Sema mkono unauma, sema macho, sema lolote, rudi kwenye matairi yako. Naogopa, Hamdun.  Ussi siku hizi nikimpa chai anaishika tu mpaka inapoa. Mlango ukigongwa namshika Samia asikimbilie kufungua, na mtoto kaanza kuniuliza kwa nini.

Niambie ikama yako iko wapi. Jibu hilo tu.

Wahida


Jeddah
19 Juni 1977

Dada mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote waliomo nyumbani. Mie mzima kabisa, nimenenepa hata.

Ikama ipo. Ipo kwenye mambo ya kutiwa muhuri, na ofisi zao unazijua, njoo bukra, na kesho ikifika, njoo baada ya sala. Usiwe na wasiwasi.

Chumba cha Bani Malik nimekihama kwa muda. Nalala ofisini juu ya marundo ya karatasi, panapepea vizuri kuliko kule. Sitoki sana, jua kali. Chakula ananiletea Mzee Bakur mwenyewe, kazi ya mikono ya mkewe, ndiyo huko kunenepa. Mabango tumekwisha kuyachapa kwa fremu ya kitambaa, moja moja, kwa mkono. Yote mia mbili yamekauka na nalala nayo chumba kimoja. Lango nimeliacha lilivyo. Bakur anasema tungoje mwisho wa Shaabani, wakati watu wamejaa sokoni kununua vitu vya futari.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi muuza magazeti kabisha hodi, mara nikajikuta niko nyuma ya turubai, brashi mkononi, macho nimeyafumba, kama Samia akicheza kibe cha kujificha. Bakur kanicheka sana. Halafu akaacha kucheka, akakaa karibu yangu, akanishika bega.

Habari ya ghala sikuulizi tena.

Wako,
Hamdun


Batha, Riyadh
24 Julai 1977

Hamdun, mtoto wa mama yangu,

Salamu zangu zipokee hata kama hutaki kitu kingine kutoka kwangu. Samia kaota jino moja. Mengine yote si mazuri.

Jana Lukas kaja. Nikamtilia chai, nikafunga mlango, nikamwambia hatoki mpaka aniambie. Masikini kazungusha kofia mkononi, kisha akasema: “Dada, mimi siwezi kukudanganya. Hiyo ikama walichukua mwezi wa nne, pale kwa roadblock. Hajapewa kitu mpaka leo. Akitoka nje ya hiyo ofisi wamshike, ameisha.” Akaniambia pia kwamba Bakur ameitwa mara mbili kutakiwa aondoe ukafili wake, na mara mbili amekataa. Basi ulikuwa unaniandikia habari za kunenepa!

Na mie sina haki ya kukugombeza, kwa sababu nimekuficha kubwa zaidi. Ghala ni la Abu Mishaal. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilipoliona jina lake kwenye mstari wako, Ussi alikuwa na wiki mbili tu kazini, na ikama zetu sote watatu zimehamishiwa kwake. Nilikuandikia habari za baba na baraza na sitara, na yote ni kweli, baba alikuwa hivyo. Lakini sikukutuma kwa ajili ya adabu. Nilikutuma nikitumai mtu yule atakutisha kidogo uache, na sisi tubaki salama. Sikujua atakuuliza jina la mume wangu. Sikujua utalisema.

Wiki iliyopita Ussi aliitwa. Kaambiwa hivi: mkeo amwandikie ndugu yake, akipeleka mabango yote mia mbili hapo kwenye lango la kijani, atapewa ikama yake siku hiyo hiyo. Asipopeleka, tarhili si kwake yeye peke yake. Ussi kakaa mbele yangu sasa hivi, anatazama kalamu yangu inavyokwenda. Hasomi, anatazama tu. Hajawahi kuwa mtu muoga mpaka leo.

Basi naandika. Yapeleke, Hamdun. Watu wale wa ufuoni sitowasahau, kila nikipika samaki nitawakumbuka, na dhambi iwe yangu. Nina mtoto wa miaka minane ambaye hana nchi.

Sithubutu kuandika mie dada yako. Mie
Wahida


Jeddah
26 Septemba 1977

Dada Wahida,

Idi njema, japo imepita. Mungu azipokee saumu zenu. Samia nampelekea kwa mkono wa Lukas penseli za rangi, sanduku zima, na usimkataze kuchora ukutani.

Unaniona nimenyamaza miezi miwili ukadhani nimekukasirikia. Sikukasirika. Nilikuwa na haya, na nitakueleza kwa nini, kisha tusirudie mazungumzo haya.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na nane Julai. Mabango nilikuwa nimeshayapeleka siku nne kabla. Siku ile ile uliyokaa na Ussi mezani, mie nilikuwa kwenye teksi na karatasi zangu, naelekea kwenye lango la kijani. Hakuna aliyenilazimisha. Mtu wa gari jeupe siku hiyo alishuka, akaja mpaka mlangoni, akatazama ndani, akaenda zake. Hivyo tu. Bakur alipotoka kwenda kusali adhuhuri, niliyabeba yote. Usijitwishe dhambi yangu, dada. Niliogopa kwa nafsi yangu mwenyewe.

Waliyachoma ndani ya pipa, uani. Walitaka nisimame nitazame. Abu Mishaal akanipa ikama kwa mikono miwili, kama mara ya kwanza, akasema ana kazi kwa mkono mzuri kama wangu. Bakur aliporudi alikikuta chumba kitupu. Hakunitukana. Alitia saini ya kunihamisha ukafili, akasema, “Ungeniambia tu, ya Hamdun. Ningekusaidia kubeba.” Ningeona nafuu angenipiga.

Sasa nachora makopo ya rangi. Bahari ya buluu, matumbawe mekundu, samaki wazima. Shemeji Ussi atayapokea ghalani mwezi ujao, amwambie Samia ni kazi ya mjomba wake.

Katikati ya Ramadhani Mzee Bakur alichukua ndoo na brashi, akaenda mwenyewe kwenye ukuta ulio nyuma ya soko la samaki. Kuchora hajui, maisha yake yote alikuwa akinielekeza mimi. Alichora bomba, na kitu ambacho ukikitazama vizuri ni samaki, chini yake akaandika kwamba wa kusini wasiliwe. Waliokuwa wakinunua walisimama wakasoma. Akaitwa asubuhi moja, akasemwa, akarudi kwake. Ulivyoniambia ndivyo ilivyokuwa. Wapo watu sasa wanaomuuliza muuzaji kwanza samaki wake kamtoa wapi.

Abu Mishaal kanituma nikaifute picha hiyo. Rangi anatoa yeye. Nilikwenda Jumamosi, roho iko juu juu, nikamkuta Bakur kakaa hapo hapo kwenye kreti ya samaki. Nilidhani atanizuia. Akasogea kunipisha. “Futa vizuri,” akasema, “mie kesho nachora tena.” Na kweli alichora tena. Nikatumwa tena. Jumamosi zimetimia nne sasa, mie nafuta yeye anachora, na yule mtu wa gari jeupe anakuja kuhakikisha nimepaka mara mbili.

Juzi, nikiwa nimemgeuzia mgongo yule wa gari, nilimnong'oneza Mzee bila ya kumtazama kwamba mapezi yake anayaweka karibu mno na mkia. Kwa haraka yangu rangi ikanimwagikia kanzu.  Jana nimepita kwa teksi, na safari hii hata mtoto angelijua ni samaki.

Hili Ussi asilijue, dada. Hata Lukas sikumwambia. Nakuandikia wewe tu kwa sababu lazima awepo mmoja anayejua, na Jumamosi nitamwambia Mzee habari ya macho ya samaki wake.

Hamdun